Barua kwa Zuhura: alama 78 na ajira ya urubani

Mwanangu Zuhura,

Salaam kutoka Bombo. Sisi hatujambo, mama yako anakusalimu sana. Barua yako tumeisoma. Umepata 78 katika Hali ya Hewa, mwenzako ana 96, na kuna mtu hapo shule ya urubani Soroti amekwambia kwa alama hiyo hakuna shirika la ndege litakalokutazama.

Huyo amekwambia nusu ya ukweli, nayo nataka uijue vizuri. Rubani anayemaliza shule ana saa 200 hivi za kuruka, na wenzake wote wana hizo hizo. Shirika lenye nafasi chache likipokea maombi ya vijana chungu nzima, litawachujaje? Linaangalia alama, na linauliza kama ulifaulu mara ya kwanza au ulirudia. Ulaya kila somo la nadharia linataka angalau asilimia 75, na bado yapo mashirika yanayodai wastani wa juu zaidi kwa kijana asiye na uzoefu. Kwa hiyo masomo yaliyobaki yakazanie. Kurudia mtihani kungekuumiza kuliko hiyo 78.

Baada ya hapo mambo hubadilika. Ukianzia ndege ndogo, kama zile zinazopeleka watalii mbuga ya Kidepo kutoka kiwanja kidogo cha Kajjansi, na ukafikisha saa 1,500 zinazotakiwa kwa leseni kubwa, ile ya kapteni wa ndege kubwa za abiria, watafungua daftari lako la safari waone umerusha ndege gani na wapi. Miaka yote niliyofanya ufundi wa ndege Entebbe sikusikia kapteni akiulizwa alama zake za shule.

Mimi 78 hainisumbui, linanisumbua somo lenyewe. Wewe utaruka juu ya Ziwa Victoria. Usiku nchi kavu inapopoa, ziwa hubaki na joto, pepo za pande zote hukutana juu ya maji, na mawingu ya radi hupanda hadi alfajiri. Tena Entebbe ipo zaidi ya futi 3,700 juu ya usawa wa bahari: hewa ni nyepesi, na mchana wa jua kali ndege iliyojaa hukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa. Kwenye usaili kapteni atakuuliza hayo kwa mdomo, kisha akuingize kwenye simuleta, ile mashine inayoigiza ndege. Aliyekariri maswali ya zamani hujulikana pale pale, alama zake ziwe ngapi. Sisemi mwenzako ni wa hivyo. Huenda anajua kweli, basi mwombe msome pamoja, na usione haya.

Ukija likizo, njoo na daftari lako la Hali ya Hewa. Rafiki yangu mmoja, kapteni mstaafu, amekubali kukaa nawe alasiri mbili tatu. Jiandae, maana haulizi maswali mepesi. Pesa ya matumizi nitakutumia kwa simu Ijumaa.

Akupendaye,
Baba yako