Fundi mitumbwi hahitaji daraja la saba

Ndugu Mhariri,

Nina neno kwa wanaoendesha kampeni (visa virefu vinavyoendelea) za Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa hadithi na dadu) hapa Mwanza kwa kanuni za toleo la 3.5, lile la mwaka 2003. Wengi hubuni mwalo unaofanana na mialo ya Ukerewe, halafu wanaharibu kwa fundi mitumbwi. Kwa kuwa wanataka awe bingwa, wanampandisha hadi daraja la saba, yaani kiwango cha uwezo wa mhusika. Mzee wa kutia kalafati anatoka hapo na uhai wa kumshinda askari wa zamu.

Daraja la kwanza linatosha. Mpe fani ya fundi na akili 13, ambayo inamwongezea +1 kwenye jaribio la ujuzi. Weka pointi 4 za ufundi, ndicho kikomo cha daraja hilo. Kipaji cha kukazia ujuzi ni +3, zana bora +2. Jumla 10. Akifanya kazi bila haraka wala vurugu harushi dadu, anahesabiwa 10 nyingine, na 20 ndicho kiwango cha kutengeneza kitu cha ubora wa juu. Kijana wa kumshikia mbao akifikisha 10 kwenye jaribio lake, anamwongezea +2.

Raia, yaani mhusika wa fani ya mtu wa kawaida, naye anaweza kujifunza useremala huohuo, sikatai. Tofauti ni upana: binadamu mwenye akili 13 akiwa fundi anaanza na pointi 32, yaani ujuzi nane uliojaa, akiwa raia anapata 16, ujuzi minne. Ndiyo maana fundi atajua pia kuthamini mbao, kupatana bei na kumsoma mteja mwongo.

Kuhusu idadi, mwongozo wa mwendesha mchezo unagawa watu waliobaki baada ya kuwatoa wakubwa wa kijiji. Wakiwa 400, raia ni 364, askari 20, mafundi 12, mabwanyenye 2 na waganga 2, wote wa daraja la kwanza. Mwalo wenye makomando kumi wanaouza dagaa hauko kwenye hesabu hiyo.

Kosa jingine ni ugumu wa pambano, namba inayopima hatari ya adui. Kwa fani hizi za watu wa kawaida, kanuni inasema toa moja kwenye daraja, hivyo raia wa daraja la 10 anahesabiwa 9. Lakini uhai wake unatokana na dadu ya pande nne na shambulio lake ni +5 tu! Wachezaji wanavuna pointi za uzoefu za bure. Wape kwa kadiri ya hatari waliyokutana nayo.

Waganga nao waacheni daraja la kwanza. Mwenye busara 13 anafanya uganga wa ngazi ya kwanza mara mbili kwa siku, na lazima auandae mapema. Kwa waganga wawili ni mara nne, na mmoja akiwa ameandaa ukungu wa kuficha mitumbwi, zimebaki tatu za kuponya. Wachezaji wanne wakirudi na majeraha, wajadiliane wenyewe nani asubiri kesho.

Mwendesha mchezo,
Kirumba, Mwanza