Barua ya malalamiko: kadi za programu zilizokwisha kufa

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: SIMU YENU KUZIMA PROGRAMU BILA RIDHAA YANGU NA KUNIONYESHA ORODHA ISIYO YA KWELI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa siku nyingi, na hii ni simu yenu ya tatu mikononi mwangu. Sina ugomvi na kamera, wala kioo, wala chaji. Ugomvi wangu ni ule ukurasa wa kadi, yaani picha za programu nilizozifungua karibuni, unaotokea nikibonyeza alama ya mraba, pamoja na kitufe kinono mlichokipachika chini yake: "Futa zote".

Mficha uchi hazai, kwa hiyo nianze na kosa langu. Kwa miaka miwili nilikibonyeza kitufe hicho kila nilipomaliza kutumia simu, kama mtu anayezima taa akitoka chumbani. Nisingekibonyezaje? Simu inazungusha duara, kisha inanipongeza kwamba megabaiti 900 na ushee zimepatikana. Nikajiona mtunzaji hodari.

Baba yangu anameza dawa saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Mwenye kumkumbusha ni mimi, na wa kunikumbusha mimi ni programu niliyoiweka kwenye simu yenu. Ndani ya wiki moja ilikaa kimya mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani sikuisikia. Mara ya pili niliilaumu programu, nikaifuta, nikaweka nyingine. Hiyo nyingine nayo ikanyamaza, na mzee akalala bila dawa, tena baada ya kuniuliza kama muda haujafika nami nikamjibu kwamba simu ingelia.

Usiku ule nilikaa nikaichunguza. Niliifungua programu, nikaweka kikumbusho, nikabonyeza Futa zote, kisha nikaingia kwenye Mipangilio kutazama taarifa zake. Kile kitufe cha kuilazimisha programu isimame kilikuwa kimefifia, hakibonyezeki. Maana yake kazi hiyo ilikwisha kufanyika. Nimerudia jaribio hilo mara sita kwa programu tofauti, na jibu ni lile lile.

Wahandisi wenu wanajua tofauti iliyopo hapa, ila naiandika ili asije mtu akanijibu kwamba sikuelewa. Kwenye Android, mfumo unaoiendesha simu hii, kuondoa kadi ni kuondoa kadi: hata mchakato wa programu ukifa, kengele ilizoziweka zinabaki kwenye mfumo, na wakati ukifika inaamshwa. Kuilazimisha isimame ni hukumu nyingine kabisa. Kengele zake zinafutwa, na haiamshwi tena mpaka mwenye simu aifungue kwa mkono wake. Ninyi mmeviunganisha vitendo hivyo viwili chini ya kitufe kimoja chenye picha ya ufagio, bila neno hata moja la kunitahadharisha.

Sasa nije kwenye orodha yenyewe. Zimeni simu yoyote ya Android, iwasheni tena, kisha fungueni ukurasa wa kadi kabla ya kugusa kitu kingine. Kadi mtazikuta palepale, na picha zake zilezile. Tangu Android 5 ya mwaka 2014, orodha hiyo inahifadhiwa hata simu ikizimwa. Kwa hiyo kadi si ushahidi kwamba programu inafanya kazi. Ni kama kipande cha karatasi ulichochomeka kitabuni kuonyesha ulipoishia kusoma. Nyuma ya kadi moja programu iko hai, nyuma ya nyingine imetulia kwenye RAM, ile kumbukumbu ya muda ya simu, bila kugusa kichakataji, na nyuma ya ya tatu hakuna kitu, imebaki picha tu kama ya marehemu ukutani. Zote zinafanana. Kisha mnanihimiza nizifute ili simu iwe nyepesi!

Wepesi wenyewe haupo. RAM iliyojaa si ugonjwa; mfumo huiacha programu mle makusudi ili ukiirudia ifunguke papo hapo, na nafasi ikipungua unaanza wenyewe kuzitoa zile zisizohitajika sana. Ukiifuta halafu ukaihitaji, simu inaanza kuipakia upya toka mwanzo, na kazi hiyo inakula betri kuliko kuiamsha iliyolala. Mwaka 2016 mteja mmoja wa Apple, watengenezaji wa iPhone, alimwandikia barua pepe mkuu wa kampuni hiyo, Tim Cook, akimwuliza kama yeye huzifunga programu zake mara kwa mara, na kama kufanya hivyo kunahitajika kwa ajili ya betri. Aliyejibu ni Craig Federighi, msimamizi wa programu pale Apple: hapana kwa yote mawili. Hiroshi Lockheimer, aliyekuwa akiisimamia Android kule Google, alisema vivyo hivyo kuhusu mfumo wake. Ninyi wenzetu mlipata wapi habari tofauti?

Hata nisipobonyeza chochote sina amani. Mwezi uliopita nilikuwa najaza fomu ndefu, ukurasa wa nne kati ya kurasa tano, nikatumiwa namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi. Nikaenda kuisoma. Niliporudi baada ya sekunde kumi hivi, programu ilianza upya na fomu ilikuwa nyeupe. Nikajaza tena, namba nyingine ikaja, nikaenda, nikarudi: nyeupe. Mara ya tatu nilimwomba mdogo wangu anipigie picha ya ujumbe ule kwa simu yake. Hii ni simu ya gigabaiti 6 za RAM, Ndugu Meneja.

Sikatai kwamba betri inahitaji kulindwa. Android yenyewe ilianza kulala usingizi wa kuokoa chaji kwenye toleo la 6 mwaka 2015, ikazibana huduma za chinichini kwenye toleo la 8 mwaka 2017, na mwaka uliofuata ikaanza kuzipanga programu kwa makundi kulingana na jinsi mtu anavyozitumia. Hizo ni kanuni zilizoandikwa, na watengenezaji wa programu wanazifuata. Zenu hazijaandikwa popote ninapoweza kuzisoma. Nimeipa programu ya dawa ruhusa ya kutumia betri bila vikwazo, nikaiwashia kujianzisha yenyewe, nikaifunga kadi yake kwa ile alama ya kufuli. Likaja sasisho lenu la mwezi, na asubuhi yake mipangilio yote mitatu ilikuwa imerudi ilikotoka.

Na kuna jambo lililoniudhi kuliko fomu. Niligonga nambari ya muundo kwenye Mipangilio mara saba ili kufungua chaguo za wasanidi programu, ukurasa uliofichwa kwa ajili ya watengenezaji wa programu, kwa sababu huko ndiko kuliko orodha ya huduma zinazofanya kazi kweli. Nilikuwa nimetoka kubonyeza Futa zote dakika moja nyuma. Programu ya dawa haikuwemo. Programu zenu za mandhari na za matangazo zilikuwemo zote, zimestarehe, na hazina kadi hata moja kule mbele. Ufagio wenu unajua vizuri mahali pa kupita.

Niliwapigia vijana wenu wa huduma kwa wateja. Wa kwanza alinishauri niizime simu na kuiwasha. Wa pili alinitaka niifute yote irudi kama ilivyotoka kiwandani. Wa tatu, kwa heshima zote, aliniuliza kama nimejaribu kubonyeza Futa zote.

Ninachodai hakihitaji simu mpya. Kitufe hicho kiondoe kadi na kiishie hapo. Programu niliyoiwekea kufuli ibaki na kufuli lake baada ya kila sasisho. Na ile sehemu iliyokuja na Android 13 mwaka 2022, inayoonyesha chini ya paneli ya arifa ni programu ngapi zinafanya kazi wakati huo, pamoja na kitufe cha kuisimamisha kila moja, irudisheni. Kwenye simu hii yenye toleo hilo hilo mmeiondoa. Programu zenu zionekane humo pamoja na za wengine. Kama hamwezi kufanya hayo, nirudishieni fedha zangu, nami nitairudisha simu na kasha lake.

Nasubiri jibu ndani ya siku 14. Tafadhali lileteni kwa barua ya karatasi. Programu ya barua pepe hainiletei kitu mpaka niifungue.

Wenu mteja.