Barua kwa mwanangu: kabla ya kumwita daktari wa pili wa farasi

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Limuru. Sote hatujambo, ila mvua haijatupa nafasi tangu Jumatatu.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Farasi anachechemea mguu wa mbele wa kushoto, hii ni wiki ya tatu. Daktari alipiga picha, akasema ni navikula, ugonjwa wa kimfupa kidogo kilicho ndani ya kwato, akadunga dawa kwenye kiungo kilicho ndani ya kwato, akaagiza apumzishwe. Hali ni ile ile. Sasa unauliza kama kumwita daktari mwingine ni kumvunjia heshima wa kwanza. Hapana, mwanangu. Madaktari wenyewe huulizana kila siku. Mpigie simu wa kwanza, mwambie wazi kwamba ungependa mwenzake naye amwangalie, na umwombe kumbukumbu zote za matibabu. Aliye makini atakupa bila kinyongo. Ubaya ni kuleta wa pili kwa siri, kisha kumficha dawa ambazo tayari zimo mwilini mwa mnyama.

Katika yote uliyoniandikia sikuona neno ganzi, ile sindano ya kufisha hisia sehemu moja moja ili kujua panapouma, na hapo ndipo roho yangu imebaki. Picha ya eksirei haionyeshi maumivu. Kile kimfupa cha navikula, chenye umbo la mtumbwi nyuma ya mfupa mkubwa wa kwato, huweza kuwa na vishimo na kingo zilizochakaa kwa farasi ambaye hajawahi kuchechemea hata siku moja. Na ukano unaopita nyuma ya kimfupa hicho unaweza kuchanika huku picha ikitoka safi kabisa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya daktari wa pili ni kutafuta mahali panapouma. Jina la ugonjwa litafuata.

Hufanywa hivi. Kwanza amtazame akitembea, kisha akienda matiti, mbio zile ndogo za hatua mbilimbili, kwenye njia ngumu iliyonyooka, mita 30 kwenda na 30 kurudi. Mguu wa mbele ukiuma, kichwa huinuka wakati mguu huo unapokanyaga na hushuka mguu usiouma unapokanyaga. Wewe utakayemshika usibane kamba. Mwachie urefu wa mkono mmoja, maana kamba ikikazwa chini ya kidevu kichwa hakina pa kuinukia, na dalili yote inapotea. Halafu azungushwe kwa kamba ndefu, kushoto na kulia, kwenye udongo laini na kwenye ardhi ngumu. Halafu koleo la kupimia kwato, likibana wayo mzima kipande kwa kipande kuona panapouma. Halafu mguu ukunjwe kwa sekunde 30 hadi 60, aachiwe, na aende matiti papo hapo.

Ndipo ifuate ganzi, kuanzia chini kwenda juu. Sindano ya kwanza ni juu kidogo ya visigino vya kwato, upande wa ndani na wa nje, mililita 1.5 hivi kila upande, ya mepivakaini ya asilimia 2. Baada ya dakika 5 hadi 10 daktari atabonyeza ngozi ya kisigino kwa ncha butu ya kalamu. Farasi akiwa hahisi, mkimbize tena. Msikawie sana, kwa sababu dawa husambaa kwenda juu na kufisha sehemu ambayo hamkuikusudia, na jibu litawapotosha. Akiendelea kuchechemea vile vile, daktari hupanda hatua moja hadi kwenye kifundo, kisha juu yake.

Hapa angalia sana. Mguu wa kushoto ukishatiwa ganzi, mtazame wa kulia. Mara nyingi ugonjwa wa navikula huwa kwenye miguu yote miwili ya mbele, na ule uliokuwa ukiuma kidogo hujitokeza mara tu ule uliouma zaidi unaponyamaza. Kichwa kikianza kuinuka upande wa kulia, mmejifunza jambo ambalo picha ya mguu mmoja isingewaambia. Lakini pia usikubali hukumu ya haraka. Ganzi ya visigino hutuliza pia wayo na sehemu kubwa ya kiungo cha ndani ya kwato, kwa hiyo akipona kwa ganzi hiyo mmejua tu kwamba tatizo limo ndani ya kwato. Kuchagua kati ya kimfupa, kiungo na wayo ni kazi nyingine, pengine ya siku nyingine. Na kabla ya sindano yoyote, daktari awe ameondoa shaka ya mfupa kuvunjika, maana mnyama asiyehisi atakanyaga kwa nguvu na kuumaliza. Uchunguzi ukiisha, mrudishe bandani. Ganzi hukaa saa 2 au 3, na asipandwe.

Kuhusu dawa. Byuti, ile dawa ya kutuliza maumivu unayompa asubuhi na jioni, huficha kile hasa daktari anachokuja kukitafuta. Mpigie daktari wa pili leo, umuulize uiache siku ngapi kabla hajafika, na ufuate neno lake. Usiikate mwenyewe kama farasi ana maumivu makali. Tena usimwongezee dawa nyingine ya kundi hilo juu yake. Mbili kwa pamoja hutoboa vidonda tumboni na kuumiza figo. Andika kwenye karatasi ile sindano ya kiungoni: jina la dawa, miligramu ngapi, kiungo gani, tarehe. Kama ilikuwa steroidi, daktari wa pili lazima ajue kabla hajafungua sanduku lake.

Fundi wa kwato asiguse kitu hadi siku yenyewe. Najua utatamani mgeni akute miguu imepunguzwa vizuri, lakini kwato iliyochongwa jana inaweza kuuma kwa sababu yake yenyewe. Muombe fundi awepo. Farasi akimbizwe kwanza na viatu vyake, kisha ving'olewe msumari mmoja mmoja, kila msumari ukinuswa na kutazamwa. Wenye unyevu mweusi au harufu mbaya unaonyesha usaha ulipo. Baada ya hapo wayo usafishwe na mifereji yake ijazwe udongo wa kuchezea wa watoto, ili hewa iliyonaswa isilete mstari mweusi kwenye picha unaofanana na ufa.

Zile picha za kwanza omba faili zenyewe. Picha ya simu iliyopigwa kwenye skrini haisomeki. Ila mimi ningemwomba daktari wa pili amchunguze farasi kwanza, halafu ndipo afungue faili. Jicho lililokwisha kuambiwa navikula huona navikula. Na kama kuna shaka ya ufa kwenye mfupa wa kwato, picha irudiwe baada ya siku 7 hadi 14. Ufa mpya mara nyingi hauonekani siku za kwanza, hadi kingo zake zianze kuliwa.

Kumchagua daktari: hakikisha amesajiliwa na Kenya Veterinary Board, asiwe wa kliniki ile ile, na awe anatibu farasi mara kwa mara, wa mbio za Ngong au wa polo. Daktari mzuri wa ng'ombe ni mzuri kwa ng'ombe. Bei ya safari, ya ganzi na ya kila picha iulize mapema, moja moja.

Wakipingana, usihesabu kura. Waombe wazungumze kwa simu, kisha umuulize kila mmoja ni matokeo gani ya ganzi au ya picha yangembadilisha mawazo. Anayejua anachokisema atakutajia.

Kuna mambo ambayo hayangoji mtu wa pili. Akikataa kabisa kukanyaga, joto la mwili likipita nyuzi 38.5, jeraha likiwa karibu na kiungo, au msumari ukiwa umezama kwenye wayo, mwite aliye karibu saa hiyo hiyo. Msumari huo usiung'oe; mzuie asiukanyage hadi upigwe picha ukiwa pale pale, ionekane umefika wapi.

Jioni hii, kabla hujamlisha, pitisha vidole viwili nyuma ya kifundo cha kushoto, pembeni, pale penye vifupa viwili kama njugu. Utahisi kitu kama uzi kinachoteleza; hapo ndipo mshipa wa damu unapopita. Bonyeza taratibu, usubiri. Kwenye mguu usiouma mapigo ni hafifu, hata kuyapata ni shida. Fanya vivyo hivyo kulia. Kushoto kukigonga vidole kwa nguvu na ukuta wa kwato ukiwa na moto kuliko wa kulia, mwambie daktari wa pili hilo kwanza, kwa kuwa huenda ni usaha uliofungiwa ndani. Nitumie ujumbe usiku huu ulichohisi, na video mbili, ya mbele na ya ubavuni.

Wako,
Mama