Barua ya Wazi kwa Waziri wa Masuala ya Karamoja

Mheshimiwa Waziri,

YAH: KUTAMBULIWA KWA NJIA ZA MIFUGO WAKATI WA KIANGAZI

Nakuandikia kutoka Moroto, huku Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, kwa Kiswahili, lugha tunayouziana ng'ombe na wafugaji majirani zetu, Waturkana na Wapokot, ili nao waisome barua hii. Ombi langu ni moja: kabla haujapitishwa mpango mwingine wowote wa kuwatuliza wafugaji mahali pamoja, njia zao za kiangazi zitambuliwe kisheria na zichorwe katika ramani za wilaya zote 9 za Karamoja.

Januari iliyopita nilimkuta mzee wa ukoo wetu ameketi juu ya ekicholong, kigoda kile ambacho usiku ndicho mto wake wa kulalia, akichora mchangani kwa fimbo. Alianza na mto mkavu ambamo vijana huchimba visima virefu kuliko kimo chao na kupokezana maji mkono kwa mkono mpaka yafike kwenye hori. Akaenda hadi bwawa la Kobebe, kisha, mvua ikizidi kuchelewa, magharibi kupitia eneo la Bokora hadi mpakani mwa Teso, nchi ya jirani zetu wakulima. Kila kituo alikitaja pamoja na nyasi zake na wazee wa kuombwa ruhusa. Hajui kuandika jina lake, lakini kwa nusu saa alikuwa amemaliza mpango wa matumizi ya ardhi.

Njia hizo zimekuwa zikifinywa kwa muda mrefu. Mwaka 1962 Kidepo ikawa hifadhi ya taifa, na Wadodoth, wafugaji wa kaskazini mwa Karamoja, wakafungiwa malisho waliyoyategemea. Mwaka 1979, Amin alipoanguka, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa. Bunduki zikachukua nafasi ya mikuki, na mwaka uliofuata njaa ikaua watu wengi kupita kiasi. Sitetei wizi wa mifugo, kwa maana umetuzikia vijana wetu wenyewe. Hata hivyo, katika zoezi la kukusanya silaha lililoanza upya mwaka 2006, ng'ombe walilazwa katika mazizi kando ya kambi za jeshi, na yeyote aliyewahi kuchunga anajua kwamba ng'ombe waliorundikwa hivyo humaliza nyasi za karibu upesi na kuambukizana kila ugonjwa.

Serikali inajua kumfuata mfugaji inapotaka. Tangu 1998 mpango wa ABEK, yaani elimu mbadala ya msingi kwa Karamoja, umewafundisha watoto alfajiri na jioni, karibu na mazizi, ili mchana wachunge. Wamatheniko, wafugaji wa huku Moroto, na Waturkana wa Kenya walipatana Lokiriama mwaka 1973, na Septemba 2019 marais wa Uganda na Kenya walitia saini hapa Moroto makubaliano ya ushirikiano wa mpakani. Nchi mbili zikiweza kukubaliana, wilaya mbili za nchi moja zinashindwa na nini?

Namwombea mzee huyo mpima ardhi mmoja, anayesikia lugha yetu ya Ngakarimojong na asiyechoka kutembea. Aje Februari, mifugo ikiwa bado kiangazini, kwa sababu mvua za Aprili zikianza vijana watakuwa wamerudi nyumbani, na hapatakuwa na mtu wa kumwonyesha kituo kinaanzia wapi na kinaishia wapi.

Wako mtiifu,
Mfanyabiashara wa mifugo, Moroto