Barua kwenu vijana mnaofundisha sayansi mitandaoni

Marahaba wanangu, najua mngeniona mngeniamkia. Mimi ni nesi mstaafu, nimechoma watoto chanjo miaka mingi na klipu zenu naziangalia karibu kila siku, kwa hiyo anayewaandikia hapa ni mtu anayewapenda.

Mnakumbuka 2021? Mama Samia anachanjwa korona hadharani tarehe 28 Julai watu walishagawanyika zamani, huku nyungu kule chanjo, na baadhi yenu badala ya kufundisha mkaanza kuchamba watu, mjinga wewe, hujasoma wewe, laiki zikamiminika. Sikuona hata mmoja aliyechambwa akabadilika, walihama tu.

Sasa jirani yangu ana binti wa darasa la tano, shule imeleta taarifa ya chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, siku hizi ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 mpaka 14. Akaenda kwenye komenti za mmoja wenu akauliza, mbona wasichana tu, wavulana je? Jamani si swali la maana hilo! Hicho kirusi cha HPV kinacholeta saratani hiyo wavulana nao wanakipata, Australia wanawachanja tangu 2013, ila dozi zikiwa chache unaanza na wenye mlango wa kizazi, kabla hawajakutana nacho. Yule kijana akapiga skrinishoti, akabandika emoji za kucheka, akaandika "ndo maana hatuendelei". Dada wa watu alinionyesha simu mkono unamtetemeka, jina lake na picha yake ya harusi watu wanavicheka. Usiku huohuo wapinga chanjo wakamfuata inbox, "pole dadaangu, umeuliza vizuri". Mnadhani alimsikiliza nani?

Na hili la "haina madhara yoyote" acheni kabisa. Mkono unauma, homa kidogo inakuja, wengine wanazimia, ndo maana tunawakalisha dakika 15. Semeni mapema, mama asije akaona binti kaanguka akajua mlimdanganya.

Nilimfuata jirani yangu jioni, anamenya ndizi, nikamjibu kama nilivyoandika hapa, akauliza mengine manne nikajibu yote. Binti kachanjwa Alhamisi.

Ila ile skrinishoti bado ipo. Mwenye ukurasa unajijua mwanangu, ifute, halafu nenda kwenye komenti yake ukamjibu.