Fundi, uliza kabla ya kushika msasa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi rangi. Kwa miaka 37 nimepaka nyumba za watu, shule, ofisi na baa nyingi tu hapa Moshi, na hili ninaloliandika nililifanya kwa mkono wangu, nikalipwa, hela nikala.

Ilikuwa zahanati iliyojengwa na wamisionari, siku hizi ni ya serikali. Pale wagonjwa wanaposubiri kuitwa palikuwa na picha ya Msamaria Mwema, imejaa ukuta mzima. Aliyepigwa na wanyang'anyi amelala chini ya migomba. Kuhani anapita na mwavuli wake, kageuza uso. Na Msamaria, Mhariri, alikuwa kavaa kanzu na kofia ya viua, mfanyabiashara wa pwani kabisa! Mchoraji alijua anasema nini: kwa Wachagga wa wakati ule, mgeni aliyetoka mbali ndiye huyo. Punda wake alikuwa na miguu mitatu. Wa nne ama ulisahauliwa, ama ulimezwa na mgomba; watoto wenye homa walikuwa wakiihesabu huku wakingoja sindano.

Msimamizi wa ukarabati aliniambia, "Fundi, jengo la umma halina dini. Funika. Chini bluu ya mafuta, juu krimu." Sikubisha, na hata leo sisemi alikosea moja kwa moja. Anayekuja kutibiwa ni Mlutheri, ni Mkatoliki, ni Muislamu, ni asiyesali popote, na hakuna anayestahili kujiona mgeni mbele ya ukuta unaotunzwa kwa kodi yake.

Aliyesita ni msaidizi wangu, kijana wa Makunduchi, Zanzibar. Alisimama mbele ya ile kanzu akasema, "Mzee, huyu kavaa kama babu yangu." Akanisimulia msikiti ulio jirani na kwao, Kizimkazi Dimbani, wenye maandishi ya Kikufi, yaani Kiarabu cha mtindo wa kale, yaliyochongwa kwenye jiwe upande wa kibla, yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Msikiti ulikuja kujengwa upya, maandishi yakaachwa. Nikamwambia ashike brashi, jioni ilikuwa inakaribia.

Hapa nakiri kosa la kifundi. Rangi ya maji haishiki juu ya rangi ya mafuta, itabanduka magamba kabla ya masika mawili. Kwa hiyo tulipiga msasa kwanza. Tungefunika kwa chokaa au plasta, siku moja mtu angekwangua akamkuta punda wetu. Kule Istanbul, picha za mozaiki za Hagia Sophia, kanisa la kale lililogeuzwa msikiti, zilikaa chini ya plasta enzi za masultani, na kuanzia mwaka 1931 zikaanza kufunuliwa. Waliozifunika hawakuzitaka, lakini hawakuzimaliza. Mimi nilimaliza. Vumbi la ule ukuta tulilifagia tukalimwaga kwenye migomba ya nyuma.

Siku ya pili tukiwa tunavua magazeti sakafuni, bibi mmoja aliingia na kadi yake ya matibabu, akatazama krimu yetu mpya, akaniuliza, "Punda kaenda wapi?" Nikajifanya sikusikia.

Jambo hili lilinirudia nilipokwenda Murang'a, Kenya, kwenye harusi ya mpwa wangu. Mkwe wetu alitupeleka kanisa kuu la Anglikana la Mtakatifu James. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1955 na Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, katikati ya hali ya hatari, kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa kwa kukataa kiapo cha Mau Mau. Ndani mna picha kubwa 5: kuzaliwa kwa Yesu, kubatizwa, karamu ya mwisho, Gethsemane na msalaba. Watu wote ni Waafrika, na nchi ni ile ile ya matuta ya kijani unayoiona ukitoka mlangoni. Nikauliza nani kachora. Elimo Njau! Mzaliwa wa Marangu, mwaka 1932, aliyesomea sanaa Makerere, na mwaka 1965 akawa miongoni mwa walioanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa kule Nairobi. Mtoto wa mlimani kwetu, na mimi fundi wa Moshi naambiwa habari zake Murang'a.

Na msidhani picha zile ni nyepesi kwa kila mtu. Babu wa mkwe wetu alikuwa kizuizini, upande wa kiapo. Kwa ukoo kama ule, neno "mashahidi" kwenye jengo lile lina uchungu wake. Mkwe wetu alitueleza yote mawili, tukiwa tumesimama pale pale, bila kushusha sauti. Angesimulia nini mbele ya ukuta wa krimu?

Ninachoomba halmashauri, bodi za shule na kamati za makanisa ni kidogo. Kabla hujamwita fundi, ita wazee uwaulize picha ni ya nani na ilichorwa lini, uandike. Piga picha, simu zote siku hizi zina kamera. Ikibidi kufunika, funika kwa kitu kinachoweza kubanduliwa, na fundi akikuuliza kuhusu msasa, mkatalie. Ukutani weka hata kibao kidogo kwamba hapa chini pana kitu.

Zahanati yenyewe sitaji jina lake, lakini waliotibiwa pale wataijua kwa punda wa miguu mitatu. Kama kuna mama aliyepigwa picha siku ya chanjo ya mwanawe, na ukuta ule ukaonekana nyuma yake, naomba ailete hapa gazetini. Nimejaribu kumchora Msamaria kwenye karatasi. Kanzu naikumbuka. Uso hauji.

Fundi rangi,
Majengo, Moshi