Barua ya wazi kwa Rais wa FIM: Ruhusuni cc 250 za mipigo miwili katika MX2

Kwa Mheshimiwa Jorge Viegas,
Rais wa Shirikisho la Kimataifa la Pikipiki (FIM),
Mies, Uswisi.

Mheshimiwa Rais,

Ombi langu ni moja, nalitanguliza nisikupotezee muda: pikipiki ya cc 250 yenye injini ya mipigo miwili iruhusiwe kushindana katika MX2, daraja la pili la ubingwa wa dunia wa motokrosi, yaani mbio za pikipiki kwenye viwanja vya udongo. Kwa kanuni ya sasa, anayetaka mipigo miwili humo anaingia na cc 125, ilhali jirani yake kwenye mstari wa kuanzia ana 250 ya mipigo minne. Tangu daraja hilo lianze mwaka 2004, hajatokea bingwa hata mmoja aliyelitwaa kwa mipigo miwili. Huo ni mwaliko wa kuja kushindwa.

Hesabu iliyotumika naijua. Injini ya mipigo miwili huwaka kila krankishafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, inapozunguka mara moja. Ya mipigo minne huwaka kila inapozunguka mara mbili. Kwa hiyo mtu akikaa mezani na kalamu ataamua kwamba hii ya pili ipewe ukubwa maradufu. Uwanjani mambo ni mengine. Mipigo miwili hupoteza sehemu ya mafuta yake kwenye ekzosi kabla hayajaungua, na lile bomba la ekzosi lenye tumbo linalosaidia kuyarudisha hufanya kazi yake vizuri injini ikiwa kwenye kasi fulani tu. Toka kwenye kona ukiwa chini kidogo ya hapo, 125 inafifia, kijana anahangaika na klachi huku mwenye 250 ya mipigo minne anakwenda zake.

Zamani upendeleo huo ulikuwa na maana. Injini za mipigo minne zilikuwa nzito na zilihitaji kubebwa, hata Wamarekani wakaziruhusu kufika cc 550 dhidi ya 250 za mipigo miwili. Kisha Yamaha ikaleta YZM400F ya mipigo minne, mwendeshaji Doug Henry akashinda nayo fainali ya supercross (motokrosi ya ndani ya viwanja vya michezo) ya Las Vegas mwaka 1997, na mwaka uliofuata akatwaa ubingwa wa motokrosi wa Marekani kwa YZ400F iliyouzwa madukani. Mtoto alishajua kutembea, tena anakimbia, lakini mbeleko hamjaifungua hadi leo. Honda nayo iliacha kutengeneza CR zake, pikipiki za motokrosi za mipigo miwili, baada ya modeli za 2007.

Sisi Waafrika tuna deni na injini hii. Greg Albertyn wa Afrika Kusini alikuwa bingwa wa dunia wa 125 mwaka 1992, kisha wa 250 mwaka 1993 na 1994. Grant Langston akachukua 125 mwaka 2000. Wote walipanda mipigo miwili.

Na huku kwetu jambo lenyewe ni la karakana na mfuko. Mpelekee fundi wa Nairobi 125 iliyochoka. Atafungua tangi, ekzosi, hedi, kisha ataivuta silinda juu. Atachomoa kile kipini cha pistoni, atavisha pistoni mpya na ringi yake, ataweka gasketi, na kabla ya chai ya saa nne inaunguruma. Kazi hii anaijua tangu enzi za Yamaha AG100 za mabwana shamba, nazo za mipigo miwili. Sasa mpelekee 250 ya mipigo minne ya mashindano. Kuna valvu za titaniamu za kupimiwa mwanya, shimu (vibati vyembamba vya kurekebishia mwanya huo) za kuagiza nje, cheni ya taimingi ambayo ikikosewa jino moja mambo yameharibika. Valvu moja ikikatika kwa mwendo ule inaangukia pistoni, na hapo hedi imekwenda, pengine na krankishafti. Mzazi aliyelipia hayo mara moja hurudisha kijana wake kwenye mpira wa miguu.

Mtasema moshi. Lakini tangu modeli za 2023, KTM inauza 125 na 250 za motokrosi za mipigo miwili zisizo na kabureta, mafuta yanapimwa kwa kompyuta. Na 250 hiyohiyo mnairuhusu katika MXGP, daraja la juu kabisa, ikapambane na 450 za mipigo minne! Moshi wake haubadiliki ikishuka daraja.

Ulaya mnayo EMX125, daraja zuri la ubingwa wa Ulaya kwa vijana wa mipigo miwili. Wakihitimu pale, wakitaka kwenda MX2 na nafasi ya kushinda, hawana budi kuiacha injini iliyowafundisha kuendesha. Marekani, chama chao cha pikipiki, AMA, kimeziachia 250 za aina zote mbili zishindane katika baadhi ya madaraja ya ridhaa, na mbio zinaendelea.

Kama mnahofu kwamba 250 ya mipigo miwili itawaacha wengine mbali, wekeni kima cha chini cha uzito, au fanyeni msimu mmoja wa majaribio na mchapishe muda wa kila mzunguko wa uwanja ili nasi tuuone. Kanuni mnazoandika Mies ndizo vyama vya nchi huzitazama vinapopanga madaraja yao, kwa hiyo jibu lenu tutalisikia hadi Jamhuri Park, uwanja wetu wa motokrosi hapa Nairobi.

Wako,
Mzazi wa mwendeshaji, Nairobi